Mama, Wewe Utakula Nini?



Somo la kutafakari: Marko 10:46-52

 Najua wengine mlishaanza kuulizana Frateri kapotelea wapi. Nipo. Nilikuwa nyumbani Mwanza kwa likizo fupi, kabla ya kurudi parokiani ninakofanya mwaka wangu wa uchungaji. Leo naomba niwasimulie jambo lililotokea huko nyumbani, kwa sababu limenihubiria kuliko homilia nyingi nilizowahi kusikia. Wahusika nimewaomba ruhusa. Baba alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kama litamsaidia mtu, andika." Mama yeye akasema, "Andika, ila usiandike bei."

Mwezi wa saba wazazi wangu walitimiza miaka 25 ya ndoa. Jubilei ya fedha! Mimi ndiye kifungua mimba, nyuma yangu wapo wadogo zangu wawili, na kwa akili zangu za kiseminari nilishapanga kila kitu: Misa ya shukrani, wazazi warudie maagano yao mbele ya altare, baba na suti, mama na gauni la kushonesha, kwaya iimbe, halafu sherehe ukumbini. Kamati, kadi za michango, keki ya ghorofa. Hotuba yangu nilishaiandika, kurasa tatu, na Aristotle yumo ndani. Ukisoma falsafa miaka mitatu, lazima ikutokee mahali.

Mama akakataa. Si kwa ukali, mama si mkali. Alikuwa anachambua mchicha, wala hakuinua kichwa. "Mimi kamati sitaki. Nataka siku moja nikae mahali, niletewe chakula ambacho sijakipika mimi, nile na baba yenu. Basi."

Nikamfuata baba, nikijua ataniunga mkono. Nilipofika kwenye habari ya kurudia maagano, akaangalia chini. "Mwanangu, waache wenye uso wa kusimama pale mbele wasimame."

Hapo nikanyamaza, maana nilijua anasema nini.

Baba ni fundi seremala. Mwaka 2014 kazi zilikuwa mbaya, akaaga anakwenda machimboni Geita kujaribu bahati kwenye dhahabu. Miezi ya mwanzo alituma hela. Baadaye hela zikakoma, kisha simu ikawa haipatikani. Alikaa huko mwaka mmoja na miezi minne. Mama alikuwa anauza dagaa soko la Kirumba, ndiyo zilizotulisha na kutusomesha. Jioni moja baba akarudi na begi moja. Mama akamfungulia mlango, akampelekea maji ya kuoga, akampakulia ugali. Baada ya siku chache baba alikwenda kuungama, akarudi kukomunika, jumuiya ikampokea vizuri. Sisi watoto tukajua yameisha. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuzungumzwa tena.

Basi, tukakubaliana na mama. Asubuhi ya siku yenyewe, Jumamosi, tulikwenda Misa ya asubuhi, na nia ya Misa ilikuwa shukrani kwa miaka 25. Hakuna suti, hakuna kwaya maalumu. Jioni tukaenda kula kwenye mgahawa mmoja kando ya ziwa, gharama tukichanga sisi watoto watatu. Nikiri kwenu kwamba moyoni nilikuwa nanung'unika. Nilijiambia, yaani jubilei ya Sakramenti Takatifu tunaigeuza mambo ya outing? Sahani mbili na soda, ndiyo imeisha? Hotuba yangu niliitia mfukoni hivyo hivyo, nikisubiri mwanya.

Mama alikuja na chupa ya maji kwenye mkoba, eti kununua maji wakati nyumbani yapo ni kuchezea hela. Alipofungua menyu akaguna. "Kwa hela ya samaki huyu mmoja, mwaloni napata ndoo." Tukacheka wote. Akaja mhudumu, binti wa umri wenu tu, na kijidaftari chake. Baba akaagiza kama baba: "Mimi ugali na sato wa kukaanga. Na huyu mletee hivyo hivyo."

Yule binti hakuandika. Alimgeukia mama, akainama kidogo kwa adabu, akauliza, "Mama, na wewe utakula nini?"

Mama akamtazama. Akamtazama baba. Kisha akasema, taratibu, "Sijui."

Baba akacheka kidogo. Akaona hakuna anayecheka naye. Mama hakuwa anatania. Alikuwa kweli hajui, kama mtu aliyeulizwa jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza. Baba akamwambia binti, "Tusubiri kidogo." Akamsogezea mama ile menyu. "Kwani wewe unapenda nini?"

"Usiniharakishe," mama akajibu. Akatoa miwani, akaanza kusoma. Jamani, alisoma menyu yote, ukurasa kwa ukurasa. Mwishowe akaweka kidole mahali. "Wali wa nazi. Na samaki wa kupaka."

Niwaambie kwa nini sisi watoto tuliangaliana. Mama ni mtu wa Tanga, kazaliwa kijiji cha pwani, kuku wa kwao wanalala chini ya minazi. Hilo tunalijua. Lakini katika umri wangu wote sikuwahi kuona nazi ikikunwa nyumbani kwetu. Baba ni Msukuma, wali kwake ni chakula cha sikukuu, tena cha mchana. Usiku bila ugali anasema hajala. Kwa hiyo tulikula ugali. Miaka 25. Hakuna aliyemkataza mama kupika wali wa nazi. Ni kwamba hakuna aliyemuuliza.

Chakula kikaja. Mama akaonja, akafumba macho. Baba hakugusa sahani yake. Alikuwa anamwangalia mama anavyokula. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ule mwaka nilioondoka. Sijawahi kukuuliza mlikuwa mnakula nini."

Mama hakuacha kula. "Dagaa. Zile zilizovunjika, ambazo haziuziki."

Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma. Mdogo wangu wa mwisho akashika kitambaa cha meza akakishikilia tu. Baba akamwita mama kwa jina lake la ubatizo. Si Mama Frateri, kama anavyoitwa siku hizi mtaani kwetu, wala si mama fulani. Jina lake mwenyewe. Sitaliandika hapa, ni la kwao wawili. Akamwambia, "Samahani." Mama akaweka kijiko chini, akasema, "Nimesikia. Sasa kula, samaki anapoa."

Ile hotuba ya kurasa tatu sikuitoa mfukoni.

Wapendwa, usiku ule nilisoma tena Injili ya Bartimayo, nikaiona kama sijawahi kuisoma. Unaikumbuka. Kipofu ameketi kando ya njia Yeriko, anaomba. Anasikia Yesu anapita, anapiga kelele kumwomba amhurumie. Umati unamkemea anyamaze. Yesu anasimama, anaagiza aitwe. Bartimayo anatupa vazi lake, anaruka, anakuja. Na Yesu, mbele ya mtu ambaye hata mtoto mdogo anaona kwamba ni kipofu, anamuuliza anataka amfanyie nini.

Jiulize, Yesu alikuwa hajui? Alijua. Kwa nini basi aulize? Kwa sababu umati ulikuwa umekwisha kuamua kwa niaba ya yule mtu: huyu ni wa kukaa pembeni na kunyamaza. Yesu kabla ya kumrudishia macho alimrudishia sauti. Alimpa nafasi ya kusema kwa kinywa chake mwenyewe anachotaka. Upendo wa Mungu, unaojua yote, bado unauliza. Sasa sisi tusiojua hata nusu, tunaacha kuuliza kwa sababu gani?

Kutokana na hilo naomba tushike mambo matatu.

KWANZA: Kuzoeana si kujuana.

Yule Aristotle wa kwenye hotuba yangu nitamtoa sasa, kidogo tu. Katika maandishi yake ya maadili, kitabu cha 8, anapozungumzia urafiki anakumbusha methali ya watu wake kwamba watu hawajuani mpaka wawe wamekula chumvi pamoja. Sisi Waswahili nasi tunasema mtu mzima amekula chumvi nyingi. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanafunzi wake mkubwa, anaona kwamba urafiki wa mume na mke ndio mkubwa kuliko urafiki wote. Nilikuwa nayasoma haya darasani nikidhani kwamba ukishakaa na mtu muda mrefu, chumvi inajila yenyewe. Kumbe unaweza kula chumvi na mtu miaka 25, na bado ukawa unakula chumvi yako. Baba alimjua mama kama unavyojua njia ya kwenda kazini, unapita bila kuangalia. Tunasema kuuliza si ujinga. Basi ndani ya ndoa, na ndani ya urafiki wowote, kuuliza ni heshima.

PILI: Kuungama ni mwanzo wa kutengeneza, si mwisho.

Baba aliungama. Ninaamini kwa moyo wote kwamba siku ile alisamehewa dhambi zake na Mungu hazikumbuki. Lakini Kanisa linatufundisha pia (Katekisimu, namba 1459) kwamba ondoleo la dhambi halitengenezi lenyewe kila kilichoharibiwa na dhambi hiyo. Aliyekosa anatakiwa kufanya analoweza kulipa madhara aliyomfanyia jirani. Nyumbani kwetu tulidhani kunyamaza ndiyo kusamehe. Miaka yote ile lilibaki swali moja dogo ambalo halijaulizwa: mlikula nini? Swali la kibinadamu kabisa. Padre kwenye kiti cha kitubio hawezi kukuulizia mkeo swali hilo. Papa Fransisko, alipofundisha juu ya familia mwaka 2015, alisisitiza maneno matatu ya kuishi nayo nyumbani: naomba, asante, samahani. Nilikuwa nayaona maneno mepesi. Baada ya kuona baba yangu alivyohangaika kulitoa lile la tatu, siyaoni mepesi tena.

Kijana, kama umemuumiza mtu, ukaenda kuungama, ukatoka umejisikia mwepesi, mshukuru Mungu. Halafu nenda kwa yule mtu.

TATU: Wahudumu walikuwa wao.

Hapa nilijicheka mwenyewe. Katika mapokeo yetu ya Kilatini, wahudumu wa Sakramenti ya Ndoa si padre. Ni bwana na bibi arusi wenyewe, wanaopeana sakramenti kwa kueleza ridhaa yao mbele ya Kanisa (Katekisimu, namba 1623). Padre au shemasi anaipokea ridhaa yao kwa jina la Kanisa na kuwabariki. Sasa pale mezani mimi na kanzu yangu ya kichwani nilikuwa nasubiri niihudumie jubilei kwa hotuba, kumbe wahudumu wa sakramenti hiyo walikuwa wameketi mbele yangu, mmoja ana ugali, mwingine ana wali. Na aliyewafungulia mlango ni mhudumu wa mgahawa, binti aliyekuwa anafanya kazi yake tu, bila kujua anamtumikia Mungu.

Sisemi kwamba chakula cha mgahawani ni badala ya Misa. Hapana. Kanisa lenyewe lina Misa na baraka zake kwa kumbukumbu ya ndoa, na anayeweza azitumie. Asubuhi ile sisi tulianzia altareni. Lakini tazameni Bwana wetu: alipotaka kutuachia ukumbusho wake, alituachia mezani, katika kula. Misa ya asubuhi ilitutuma. Jioni mama na baba walikwenda walikotumwa, ingawa palikuwa na kitambaa cha plastiki na soda.

Mnawafahamu wenyeheri Luigi na Maria Beltrame Quattrocchi? Ni Waitaliano waliofunga ndoa Roma tarehe 25 Novemba 1905. Luigi alikuwa mwanasheria, walijaliwa watoto wanne. Mtakatifu Yohane Paulo II aliwatangaza wenyeheri pamoja, mume na mke, tarehe 21 Oktoba 2001, na watoto wao waliokuwa hai walishuhudia. Sasa sikiliza jambo zuri. Kwa kawaida mtakatifu anakumbukwa siku aliyokufa, siku yake ya kuzaliwa mbinguni. Hawa kumbukumbu yao imewekwa tarehe 25 Novemba, siku waliyooana. Yaani Kanisa limeangalia kalenda likasema: njia yao ya kwenda mbinguni ilianzia hapa.

Kabla sijamaliza, neno kwa wale ambao hadithi yangu imewachoma. Wapo kati yenu ambao baba aliondoka na hakurudi. Wapo ambao alirudi, na ingekuwa heri asingerudi. Sisemi kwamba kila jeraha linapona kwa sahani ya samaki, wala simwambii mama yeyote anayepigwa avumilie kwa jina la sakramenti. Kanisa linakubali kwamba zipo hali ambazo wanandoa hawawezi kuendelea kuishi pamoja, na wanaweza kutengana (Katekisimu, namba 1649). Kama nyumbani kwenu hakuna salama, mtafute padre, sista au mtu mzima unayemwamini, useme. Bartimayo alikemewa anyamaze, akazidi kupaza sauti. Na Yesu alisimama kwa ajili yake.

Kwa wiki hii basi, kazi ni hizi, ndogo tu:

1. Waulize wazazi wako, au aliyekulea, tarehe yao ya ndoa au ya siku wanayoithamini. Wengi wetu tunajua birthday za wasanii, za nyumbani hatuzijui.

2. Muulize mama yako anapenda kula nini. Akisema "chochote", usikubali. Muulize tena. Huna hela ya mgahawa? Chipsi mayai za kibandani zinatosha, au ingia jikoni mwenyewe siku hiyo, naye akae.

3. Wewe uliye kwenye uchumba: usihesabu mara mlizotoka pamoja wala picha mlizoweka status. Hesabu ni mara ngapi ulimuuliza kitu na ukasubiri jibu. Ndoa haitakuja kukufundisha kusikiliza siku ya harusi. Anza sasa.

Namalizia na yaliyofuata. Niliporudi parokiani, mdogo wangu alinipigia simu. Jumamosi ya wiki iliyofuata baba alijifungia karakanani tangu asubuhi. Jioni akatoka na mbuzi ya kukunia nazi, kaichonga mwenyewe kwa mninga, ulimi wake kamchomelea fundi chuma. Kaipiga msasa mpaka inateleza. Akaiweka jikoni pamoja na nazi mbili za sokoni, wala hakusema neno. Mama akapika wali wa nazi usiku. Baba akala, akamaliza, akasema hajashiba.

Mama akamjibu, "Kesho ugali."

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyesimama njiani kwa ajili ya kipofu mmoja na kumuuliza anataka nini, simama na katika nyumba zetu. Uwabariki wote wanaokumbuka siku ya ndoa yao mwaka huu, wenye furaha na wenye machozi. Uwafariji wanaokula peke yao. Utupe sisi vijana masikio kabla ya maneno, na ujasiri wa kuomba msamaha kabla chakula hakijapoa. Kwa maombezi ya Mama Maria, aliyeona kwamba divai imekwisha Kana kabla ya wengine wote. Amina.

Tukutane tena Mungu akipenda. Mniombee, nami nawaombea.

Ndugu yenu, Frateri.